Fotokopi ya ofisi inasema "Offline" kila umeme ukirudi: shida ni draiva?

Korosho_Ghafi (Newala, Mtwara)
Wakuu, habari za saa hizi. Ofisi yetu ni ya chama cha msingi, na msimu wa korosho ukifunguliwa fomu za wakulima haziwezi kusubiri. Tuna Kyocera TASKalfa ya A3, ya mtumba, imeunganishwa kwenye rauta kwa waya. Kompyuta ni tatu: mbili Windows 10, moja Windows 11. CD ya draiva (programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na mashine) hatukupewa, kila kompyuta iliitafuta yenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta mbili zinaandika "Offline" na hazitoi kitu. Ya tatu inatoa, lakini ni kurasa kibao za herufi zisizosomeka, ya kwanza ina mstari huu juu: %-12345X@PJL. Draiva nimeshaifuta na kuirudisha mara nne. Fundi aliyeiona anasema bodi ya netiweki imekufa inunuliwe nyingine. Kunakili kwa kioo inafanya vizuri kabisa. Naombeni msaada.

Fundi_Chikongola
Mkuu, usinunue bodi na usifute draiva tena kwanza. Hapo una matatizo mawili tofauti, na la "Offline" halihusiani na draiva.

Mashine inapewa namba ya IP na rauta. Umeme ukirudi vyote vinawaka pamoja, rauta inagawa namba upya, na mashine inaweza kupata nyingine. Kompyuta inaendelea kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Windows ikiiweka printa yenyewe mara nyingi pia hutumia porti ya WSD (njia ya Windows ya kujitafutia printa kwenye netiweki), na hiyo hupotea hovyo. Ukifuta draiva na kuirudisha, inapata namba ya siku hiyo, inatoa, unadhani umepona.

Kwenye mashine bonyeza System Menu, ingia Report, toa Status Page. Utaona IP ya sasa. Kisha fungua ukurasa wa rauta uone inagawa kuanzia wapi hadi wapi. Tuseme ni 192.168.1.100 hadi 200: mashine mpe namba iliyo nje ya hapo, mfano 192.168.1.50, mask 255.255.255.0, gateway namba ya rauta yenyewe. Kwenye TCP/IP ya mashine zima DHCP (kupewa namba na rauta) kwanza, ndipo uandike. Zima mashine, washa. Sasa kwenye kompyuta fungua cmd (dirisha la kuandikia amri), andika ping 192.168.1.50. Ikijibu "Reply from 192.168.1.50", bodi ni nzima.

Hapo ndipo draiva inaingia. Pakua KX Driver kwenye tovuti ya Kyocera kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa kwenye mashine. Ng'oa ya zamani hadi mzizi: futa printa, bonyeza Windows+R, andika printui /s /t2, chagua draiva, Remove, halafu "Remove driver and driver package". Ikikataa kwamba inatumika, fungua cmd kama administrator, andika net stop spooler (inasimamisha foleni ya kuchapa), futa vilivyomo ndani ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS (folda lenyewe liache), net start spooler, urudi kufuta haraka kabla haijashikwa tena.

Kuiweka upya usisubiri Windows iitafute. Chagua kuongeza kwa mkono, "Add a printer using an IP address or hostname", na kwenye aina ya kifaa weka TCP/IP Device. Watu wengi wanaacha Autodetect na wanarudi kwenye WSD bila kujua. Ondoa tiki ya kuruhusu Windows ichague draiva, bonyeza Have Disk, elekeza kwenye folda la KX Driver ulilopakua, faili la .inf. Ukimaliza angalia kwenye Ports: iwe RAW, 9100.

Zile herufi: mstari wa @PJL ni amri ambayo mashine ilipaswa kuitii, ikaichapa kama maandishi, kwa sababu draiva inaongea lugha ambayo mashine haikuitegemea. Kwenye Printer properties, Device Settings, PDL (lugha ya printa), weka PCL XL. Na kabla ya kujaribu tena futa kazi zilizobaki kwenye foleni, la sivyo takataka zile zile zitaendelea kumaliza rimu.

Mwana_Mikindani
Naongezea. Usiiweke kwenye kompyuta moja halafu ukaishea kwa nyingine. Tangu masasisho ya Windows ya Septemba 2021, ofisi nyingi zinazoshea hukutana na kosa 0x0000011b. Kila kompyuta iende kwenye IP moja kwa moja.

Ikipokea kazi halafu ikasimama kudai karatasi wakati trei imejaa, draiva imewekwa Letter. Badili iwe A4 kwenye Printing Defaults. Ukibadili kwenye Word peke yake, kesho inarudi. Na ikipokea kisha kazi ikafutika kimya, angalia kama Job Accounting (kuhesabu kazi za kila mtumiaji) imewashwa. Mashine za mtumba huja nayo na inadai namba ya akaunti (code).

Korosho_Ghafi
Asanteni sana. Nimeipa 192.168.1.50, kompyuta mbili zinatoa safi, nimezima umeme makusudi na kuwasha, bado zinatoa. Ya Windows 11 ping inasema "Request timed out". Hiyo ni laptopu ya mhasibu, anatumia intaneti ya simu.

Fundi_Chikongola
Sababu ni hiyo simu. Andika ipconfig: ukiona 192.168.43 au namba yoyote isiyoanza na 192.168.1, laptopu iko mtaa mwingine. Chomeka waya wa netiweki kutoka kwenye rauta ile ile. Akitaka kubaki na bando lake, kwenye waya mpe IP ya mkono, tuseme 192.168.1.51, mask ile ile, na gateway uiache wazi: intaneti itapita kwenye simu, printi zitapita kwenye waya. Baada ya hapo ping, kisha draiva kwa njia ile ile. Namba .50 iandike kwenye karatasi uibandike ubavuni mwa mashine, upande wa waya, ili fundi mwingine asije akairudisha kwenye DHCP.