Udalali wa mtandaoni: programu kumi, mauzo mawili. Nibaki na zipi?

Mgumu Mstaafu (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nimebeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro, njia ya Machame, miaka sita mpaka goti likagoma. Sasa nina tovuti ya Kiingereza inayoeleza mgeni aje na nini mlimani: taa ya kichwani, begi la kulalia, soksi za sufu. Kila kitu kina linki ya Amazon, mtu akinunua napata kamisheni.

Tatizo ni utitiri wa programu. Ya kufupisha linki, ya kupanga posti, ya kutafuta maneno, ya kutuma barua pepe kwa mkupuo... tatu nalipia kwa dola kila mwezi. Tangu Januari nimeuza mara mbili, zote soksi. Mama watoto ameuliza mbona bando linaisha kabla ya unga. Nisaidieni, zipi nizifute?

Mangi wa Rau
Meku, soksi za sufu zimejaa sokoni Kiborloni, wewe unamuuzia mzungu hukohuko kwao? Uza parachichi.

Mgumu Mstaafu
Mangi, mgeni anafunga begi akiwa kwao. Akitua KIA nimeshamkosa.

Dada wa Njiro
Pole na goti, kaka. Kabla ya programu, nijibu: ulijisajili lini? Akaunti mpya ya Amazon inatakiwa ilete mauzo matatu ndani ya siku 180, la sivyo inafungwa. Na usijinunulie mwenyewe, haihesabiwi.

Mimi niko Arusha, mwaka wa nne huu, nauza darubini na vitu vya safari. Kinachonilisha ni jedwali la Google tu, la bure. Ndani ya akaunti moja unaruhusiwa kutengeneza vitambulisho vingi vya kufuatilia, yaani kodi zinazokaa ndani ya linki kuonyesha mauzo yametoka wapi (vya Marekani vinaishia na -20). Kila ukurasa upe chake, uandike kwenye jedwali. Mwaka wa kwanza nilitumia kimoja kila mahali. Nikaona darubini zinatoka, nikajiaminisha ni Instagram, nikahangaika na picha za twiga miezi mitano. Nilipotenganisha, Instagram sifuri! Wanunuzi wote walitoka kwenye ukurasa mmoja wa zamani, wa kulinganisha darubini ya kukuza mara nane (8x42) na ya mara kumi (10x42) kwa mtu anayeenda Ngorongoro. Niliuandika usiku umeme umekatika, nikikimbizana na betri, hata picha hauna.

Ya barua pepe futa leo. Linki za Amazon usiziweke kwenye barua pepe. Mtumie mgeni anuani ya ukurasa wako, linki azikute huko. Ya kufupisha nayo futa, Amazon wenyewe wanakupa linki fupi bure. Na bei usiandike kwa mkono, kesho imebadilika wewe umebaki na ya jana.

Halafu wageni wako ni wa wapi? Mwingereza akibonyeza linki ya duka la Marekani akaishia kununua kwenye duka la kwao, hupati kitu. Kuna OneLink, ya Amazon wenyewe, ya bure, inamhamishia duka la kwao na kamisheni inabaki yako. Ila ujisajili na Amazon ya Uingereza pia.

La mwisho, na wewe wa mlima likuguse: akibonyeza linki una saa 24 tu za kulipwa kwa anachonunua. Akiweka kitu kwenye kikapu ndani ya hizo saa, ana mpaka siku 90 za kukamilisha oda. Sasa mpanda mlima anapanga safari miezi sita kabla. Ni kitu gani anatakiwa anunue mapema kweli, si kwa kusukumwa?

Mgumu Mstaafu
Viatu! Kiatu kipya ukikivalia getini, siku ya pili kisigino kimechunika. Nimewafunga plasta wangapi pale kambini Shira. Kivaliwe kwao wiki kadhaa kwanza. Mimi viatu nimeviweka mwisho kabisa wa ukurasa.

Nilijisajili mwishoni mwa Januari. Mungu wangu, siku zinahesabika.

Fundi wa Majengo
Ya kutafuta maneno pia acha kulipia kwa sasa. Fungua Google Search Console, bure. Inakuonyesha maneno ambayo watu walitafuta mpaka tovuti yako ikatokea. Ukiisoma vizuri utajua uandike nini.

Mgumu Mstaafu
Nimerudi, sijalala. Viatu vimepanda juu. Programu mbili za kulipia nimefuta, ya tatu inadai nijaze fomu ya sababu, nimeandika "unga".

Search Console imenishangaza: watu wanauliza kuhusu geita (si ile ya dhahabu, hizi za kufunika miguu na viatu). Niliandika aya moja tu, kwa sababu ya tope la msituni Machame, na wala sikuweka linki.

Dada wa Njiro, linki za zamani naweza kuzibadilisha zote kwa mpigo ziwe na vitambulisho vipya?

Dada wa Njiro
Kwa mkono, kaka, moja moja. Anza na geita.