Tupeane uzoefu: ni mstari gani ulioutoa au kuuongeza kwenye CV ndipo ukaanza kuitwa?

Mleta mada, Tabata

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Naomba leo kila mwenye kisa chake akiweke hapa: CV yako ilikuwaje, ulibadilisha nini, kikafuata nini. Tuna wadogo zetu wamemaliza chuo tangu mwaka juzi, wanatuma maombi mpaka bando linaisha, simu kimya. Naanza na changu.

Nimesoma manunuzi na ugavi. Baada ya chuo nilikaa nyumbani miaka miwili kasoro. CV nilitengenezewa steshenari moja pale Mwenge kwa shilingi elfu tano. Yule kijana alikuwa na ya mtu mwingine kwenye kompyuta, akafuta jina akaweka langu. Zikatoka kurasa nne. Ukurasa wa kwanza wote ni jina, tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, uraia, mkoa niliozaliwa, na chini yake ile sentensi tunayoijua wote: mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha na bila kusimamiwa. Niliituma mara sitini na kitu. Sikuitwa hata mara moja.

Siku moja mama mdogo akanipeleka Kinyerezi kwa jirani yake, mama aliyestaafu kazi za utumishi. Akavaa miwani, akaisoma yote bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye mstari mmoja wa ukurasa wa tatu: "Muuzaji, duka la vipuri, Kariakoo." Nilifanya pale miaka miwili kabla ya chuo.

"Hapa ulikuwa unafanya nini, mwanangu?"

Nikamwambia nilikuwa nauza tu.

"Mzigo ukiingia anapokea nani?" Mimi. "Nani anajua stoo kimebaki nini?" Mimi, nilikuwa na daftari, vipuri aina mia nne na kitu, kila Jumamosi nahesabu na kulinganisha na mauzo ya wiki. "Uliwahi kukuta upotevu?" Nikamsimulia tulivyogundua kuwa kuna maboksi ya beringi msambazaji alikuwa anayaandika mara mbili kwenye ankara, tajiri akarudishiwa pesa yake.

Akavua miwani. "Umesomea ugavi, umefanya ugavi miaka miwili, halafu umeandika muuzaji."

Nililia pale pale kwenye kochi lake. Nilikuwa naionea aibu kazi ile. Kichwani mwangu kazi ya kuandikwa kwenye CV ilikuwa ile yenye meza na kiyoyozi.

Jioni hiyo hiyo tuliandika upya. Dini, ndoa na ile sentensi vikatoka. Duka likapanda juu na mistari minne chini yake: daftari, idadi ya vipuri, hesabu ya kila Jumamosi, pesa iliyorudi. Kurasa zikabaki mbili. Ombi la tatu nikaitwa kwenye ghala moja Barabara ya Nyerere, na karibu usaili wote walikuwa wananiuliza habari za lile daftari. Ndipo nilipo mpaka leo.

Haya, karibuni.

Mdau wa Mbagala

Changu ni kifupi ila kiliniuma. Mwaka 2019 nilisambaza CV kwa miguu, kwenye bahasha za kaki, kuanzia Posta mpaka Chang'ombe. Januari 2020 laini ambazo hazijasajiliwa kwa alama za vidole zikaanza kuzimwa, na mimi namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, sikuwa nayo bado. Miezi saba baadaye nakutana kwenye mwendokasi na mlinzi wa ofisi mojawapo, ananiambia, "Wewe walikutafuta sana, hupatikani."

Tangu siku hiyo CV yangu ina namba mbili. Ya pili ni ya dada yangu, ambaye simu yake haizimi, na nilimwelekeza akipigiwa ajibu nini. Ukibadilisha laini, badilisha CV siku hiyo hiyo.

Afisa utumishi, Kinondoni

Dada mleta mada, huyo mama wa Kinyerezi amekupa darasa ambalo wengi wanalilipia. Mimi napokea hizi karatasi kila wiki, acha niseme ninachokiona mezani.

Kwanza mjue inavyosomwa. Nafasi moja ikitangazwa, maombi yanamiminika, na kila moja linapata muda mfupi sana kwenye mchujo wa kwanza. Nyingine nazifungua kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya Ubungo. Kwa hiyo nusu ya juu ya ukurasa wa kwanza ndiyo inayoamua. Ukiijaza na dini na kabila, umenipa vitu ambavyo sina ruhusa ya kuvitumia kukuchagua, na nilichokuwa nakitafuta umekificha ukurasa wa tatu.

Anza na kilicho karibu: kazi ya mwisho, au elimu ya mwisho kama ndiyo kwanza umemaliza, kisha rudi nyuma. Shule ya msingi haihitajiki kwa mtu mwenye shahada. Tuma PDF, maana ile ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inahama, majedwali yanakatika. Na faili lipe jina lako na nafasi unayoomba. Napokea mafaili yanayoitwa "CV mpya" kumi kwa siku, nikiyapakua sijui la nani ni lipi.

Kosa linalonihuzunisha kuliko yote ni CV moja kutumwa kila mahali. Tangazo limeandikwa tunataka mtu anayejua kuandaa mishahara. Wewe umewahi kuandaa mishahara, lakini kwenye CV umeandika "majukumu mengine ya kihasibu". Tumia maneno yale yale ya tangazo, mradi ni kweli.

Serikalini utaratibu ni tofauti, msichanganye. Kule unajaza taarifa zako kwenye Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, na matangazo yao husema wazi: CV inayojitosheleza yenye wadhamini watatu, barua ya maombi iliyosainiwa, vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Hati za matokeo za muda hazipokelewi. Mtu anapoteza nafasi kwa kupandisha hati ya matokeo ilhali cheti chenyewe kimelala kabatini kwa mama.

Mdau wa Kigamboni

Naongezea hapo kwa afisa. Mimi cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, na moja lina herufi iliyokosewa. NIDA nikaandikisha lile la kuzaliwa. Sikujua kama ni tatizo mpaka siku ya kuhakiki vyeti, nimeshafika kwenye usaili, nikarudishwa mlangoni. Nikapanda pantoni kurudi Kigamboni sijielewi.

Nilikwenda kwa wakili, hati ya majina ikaandaliwa na kusajiliwa, nafasi ya pili nikapita. Mkimaliza kusoma hapa, tandikeni vyeti vyenu vyote kitandani mlinganishe majina herufi kwa herufi, sasa hivi, kabla hamjahitaji.

Fundi, Temeke

Habari zenu. Mimi ni fundi umeme, kazi nimejifunzia mtaani kwa marehemu bro, sikusoma chuo. Miaka kumi na moja nilijua CV ni ya wasomi. Kuna jengo Kurasini walitaka fundi wa kudumu, wakaniambia leta CV na cheti. Sina.

Nikaambiwa VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana urasimishaji wa ujuzi, kwa sisi tuliojifunzia kazini. Wanakupima kwa kazi unayoifanya, ukionekana unaiweza unapewa cheti. Nikafanya, nikapata. Kuhusu CV, binti yangu wa kidato cha tatu ndiye aliyeniandikia. Tukaweka kila saiti: mwaka, nyumba ya ghorofa ngapi, nilifanya waya au pampu au jenereta, na namba ya mwenye nyumba aliyekubali kupigiwa. Ukurasa mmoja na nusu. Lile la Kurasini lilishapita, ila nimepata lingine Upanga, na nina mshahara wa mwezi kwa mara ya kwanza.

Mdau wa Sinza

Wadhamini, wadhamini! Niliweka jina la mhadhiri wangu bila kumwambia. Alipopigiwa akasema hanikumbuki. Alikuwa na wanafunzi mia tatu, angenikumbuka vipi? Siku hizi kabla sijatuma popote nawapigia wote watatu, nawaambia nimeomba nafasi gani, na nawatumia CV yenyewe WhatsApp waisome.

Mama wawili, Kimara

Jamani mimi nilikaa nyumbani miaka sita nikilea. Nilipotaka kurudi kazini ile nafasi tupu kwenye CV ilikuwa inanitisha, nikataka hata kuidanganyia kampuni. Mume wangu akanikataza.

Miaka yote sita nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, wanachama ishirini na watano. Nilipokea hisa kila wiki, niliandika mikopo na marejesho, niligawa mwisho wa mwaka na hakuna aliyewahi kudai senti imepotea. Nikaiandika hivyo hivyo, na juu yake: "2015–2021, malezi ya watoto, katika kipindi hicho mweka hazina wa kikundi." Kwenye usaili waliniuliza nilifanyaje mtu asiporejesha. Hakuna swali nililolijibu vizuri kama hilo.

Mdau wa Ukonga

Mama amenikumbusha yangu, ya upande wa pili. Niliandika najua Excel vizuri. Ukweli nilikuwa najua kuifungua. Usaili ukawa wa vitendo: hii hapa orodha ya mauzo, toa jumla kwa kila tawi, dakika ishirini. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nasikia wenzangu wanabonyeza. Nikainuka nikamwambia msimamizi ukweli, nikatoka.

Niliitoa ile sentensi, nikatafuta rafiki anayejua, nikajifunza jioni miezi miwili. Nikairudisha, safari hii ikisema ninaweza kufanya nini nayo hasa.

Kijana wa Gongo la Mboto

Shikamooni kaka na dada zangu. Nimesoma yote. Mimi nimemaliza mwaka jana utunzaji kumbukumbu, sina duka wala kikoba. Nina fildi tu ya wiki nane kwenye ofisi moja ya serikali, na hata huko nilikuwa napanga mafaili tu. Nimeandika "nilifanya mafunzo kwa vitendo". Niandike nini zaidi?

Mleta mada, Tabata

Marahaba mdogo wangu. "Tu" hiyo naijua mwenyewe. Nijibu haya: mafaili yalikuwa mangapi? Uliyakuta katika hali gani? Ulipoondoka yalikuwaje?

Kijana wa Gongo la Mboto

Chumba kizima dada. Tulihesabu kama 1,200. Tuliyakuta chini kwenye viroba, mengine yamelowa mvua ya masika. Mimi na mwenzangu mmoja tuliyakausha, tukayapanga kwa mwaka na namba, tukaandika rejista kwenye kompyuta kwa sababu ya zamani ilikuwa imechanika. Mwanzoni mtu akiomba faili lake walimwambia rudi kesho. Wiki ya mwisho tulikuwa tunalitoa akiwa amesimama pale pale dirishani.

Afisa utumishi, Kinondoni

Kijana, mwaka jana niliwafanyia usaili watu wenye uzoefu wa miaka mitano ambao hawakuweza kunieleza hivyo. Andika hayo hayo.

Kijana wa Gongo la Mboto

Nimejaribu, naomba mnirekebishe:

"Mafunzo kwa vitendo, masjala, wiki 8. Tukiwa wawili tulikausha, kupanga kwa mwaka na namba, na kusajili upya kwenye kompyuta mafaili takribani 1,200 yaliyokuwa kwenye viroba. Muda wa mwananchi kupata faili ulipungua kutoka siku moja hadi dakika chache."

Mleta mada, Tabata

Usiongeze neno. Weka namba za simu mbili kama alivyosema kaka wa Mbagala, mpigie msimamizi wako wa fildi umwombe awe mdhamini, uitume kesho asubuhi. Ukiitwa, rudi utuambie.