Tyubu ilimaliza chunusi siku tano, sasa zimerudi na jeshi

boda_nkuhungu:
Wakuu, salama? Mimi ni dereva bodaboda, kijiwe chetu kipo Nkuhungu hapa Dodoma, miaka 24. Chunusi ninazo tangu kidato cha tatu, mbili tatu tu kwenye paji la uso. Mwezi wa sita, Bunge la bajeti likiendelea na abiria hawakauki, ule upepo ukanipausha uso hadi unapasuka. Nikawa najipaka mafuta ya mgando asubuhi, mengi, halafu helmeti juu. Zikaongezeka, zikashuka hadi kwenye taya pale mkanda unapopita.

Mshikaji wa kijiweni akanipa tyubu yake, kanunua duka la vipodozi, buku tatu. Sidanganyi, siku ya tano uso ulikuwa laini, hadi mama mmoja niliyempakia akaniuliza natumia nini. Nikaendelea miezi miwili. Ikaniishia, siku nne tu bila kupaka: vipele vyekundu vya saizi moja, kama mtu kanimwagia uwele usoni. Nikipaka vinatulia, nikiacha vinarudi. Mama yangu kule Kongwa anasema ni karanga. Nimeacha karanga mwezi mzima (na mlenda bila karanga mnaujua) ila wapi. Nifanyeje?

mzee_wa_zabibu:
Oa mkuu, zitaisha zenyewe.

fundi_AreaD:
Nimeoa mwaka wa nne huu, bado ninazo.

dada_wa_dawa:
Mdogo wangu, pole. Nimeuza duka la dawa muhimu pale Majengo miaka tisa, wateja wa namna yako nimewaona wengi. Geuza hiyo tyubu usome maandishi madogo. Ukikuta jina linaloishia na "sone", au linaloanza na "clobe", hiyo ni steroidi. Inazima wekundu na uvimbe, ndiyo maana ulipendeza haraka, lakini chunusi haikutibiwa. Ukiipaka usoni wiki kwa wiki ngozi inakuwa nyembamba, inaizoea, na dawa yenyewe inaleta vipele vyake, hivyo vya saizi moja. Kina dada wa mkorogo wanakuja na uso huohuo.

Ukiacha, vitafumuka kwa wiki kadhaa. Hapo ndipo wengi hushindwa wakarudi dukani. Wewe nenda kliniki ya ngozi na tyubu mkononi, daktari aamue uache vipi na kama unahitaji vidonge.

Zile za kidato cha tatu ni jambo jingine. Homoni zinaifanya ngozi itoe mafuta mengi, seli zilizokufa zinaziba kitundu cha kinyweleo, bakteria wanazaliana humo. Mafuta ya mgando yanaziba zaidi, helmeti na jasho vinasugua. Vumbi unalionea tu, ukinawa linatoka. Na karanga hazina kesi, mwambie mama. Punguza soda kwanza.

Ngozi ikishatulia, muulize daktari kuhusu benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5, unapaka kidogo usiku. Inatoa rangi nguo, tafuta foronya nyeupe. Matokeo ni wiki 8 hadi 12, siyo siku tano. Usizitumbue. Limao pia usiguse, ukipaka ukatoka na jua hili linakuunguza unabaki na madoa.

boda_nkuhungu:
Dada, nimegeuza. Betamethasone, herufi kama sisimizi. Miezi miwili nimeipaka bila kusoma!

fundi_AreaD:
Na hiyo helmeti fua sponji ya ndani. Usije ukaacha kuivaa ukasingizia chunusi.

boda_nkuhungu:
Yangu sponji imegandishwa, haitoki. Ya abiria ndiyo inatoka, na hiyo inavaliwa na vichwa ishirini kwa siku.

dada_wa_dawa:
Yako ifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kila jioni, ndani vaa kitambaa cha pamba ukibadilishe kila siku. Ya abiria fua, tafadhali, maana na sisi tunapanda. Halafu huyo mshikaji aliyekupa tyubu, yeye bado anapaka?

boda_nkuhungu:
Anapaka. Na mkewe.