Yule mzee wa kamati kanisomea blogu yangu mbele ya ukumbi mzima, halafu AKAGEUKA!

Salamu sina. Salamu zangu zote ziliishia jana mkutanoni, nikimsalimia kwa mikono miwili mtu ambaye tayari alikuwa ameniweka kwenye bahasha.

Mnamjua. Msijifanye. Kila mkutano wa harusi kuanzia Ntinda hadi Kireka mwenyekiti ni yeye. Ukifa, mwenyekiti wa mazishi ni yeye. Ukifufuka, utamkuta anaongoza kamati ya mapokezi na daftari la michango mkononi.

Sasa mimi nina blogu. Ndogo, jina la bandia, picha hakuna. Tangu Facebook ifungwe hapa Uganda Januari 2021 nilichoka kuhangaika na VPN, nikahamia huko nikawa nasema yangu kwa raha zangu. Na naandika Kiswahili makusudi, maana ukoo wetu mzima unaamini Kiswahili ni cha wanajeshi na wezi wa usiku. Shangazi akikisikia redioni anaenda kuhakikisha mlango umefungwa. Pa kuficha siri kuliko hapo pako wapi?

Kumbe yule mzee alistaafu jeshini. Kiswahili kimemjaa mpaka kwenye mbavu. Na nani alijua wastaafu wanasoma blogu? Si walisema wanaenda kufuga nguruwe?

Basi jana. Harusi ni ya binamu yangu. Kapu limepita, limerudi, limepita tena, ukafika wakati wa ahadi. Nikasimama, nikafungua kinywa. Mzee akasema, "Ngoja kwanza, mwanangu." Akavaa miwani. Akatoa bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi. Si simu, KARATASI, zimepigwa pini kwenye kona, maana yake kuna mtu alipanga foleni kwenye duka la fotokopi akalipa hela yake ili mimi niaibike. Akasoma kwa sauti ya kutangaza matokeo ya uchaguzi:

"Watu wa mikutano ya harusi huahidi laki tano wakishashiba soda, kesho yake simu hazipatikani. Mwenyekiti wao ana suruali moja ya kahawia. Imehudhuria harusi nyingi kuliko kasisi, na magoti yake yanang'aa kama sufuria iliyosuguliwa na jivu."

Alikuwa ameivaa. HIYO HIYO. Watu wakaanza kuinama kuchungulia chini ya meza kuu. Na yeye, badala ya kuona haya kama binadamu wengine, akatoka nyuma ya meza, akapandisha koti kiunoni, AKAGEUKA. Taratibu. Mbele, ubavu, nyuma, ubavu wa pili. Shangazi wa bwana harusi akapiga kigelegele. Kigelegele, banange!

Nilikuwa nimepanga kuahidi elfu hamsini. Nikasikia mtu anasema laki tatu. Mtu mwenyewe ni mimi.

Ngojeni, hayajaisha. Wasiojua Kiswahili wametafsiriwa na mpwa wangu, yuko senior two, yaani kidato cha pili. Si mnajua mtaala mpya wa 2020 ulifanya Kiswahili kuwa lazima senior one na two? Basi kale kasichana kanafanya blogu yangu kama zoezi la ufahamu. Daftari nimeliona kwa macho yangu. "Swali la 3: Mwandishi ana tabia gani? Toa mifano miwili." Kametoa minne.

Na wote wanasoma! Shemeji wa Mukono ananiambia, "Ile ya mama mkwe ilikuwa tamu." Mama mkwe mwenyewe amekaa hapo hapo, anatikisa kichwa polepole. Miezi yote hii takwimu za blogu zinanionyesha wasomaji wanaongezeka Uganda, nikasema nyota imewaka. Kumbe ni ukoo.

Nauliza kimoja tu. Mstaafu, mwenye wajukuu, mwenye kisukari, ANAGEUKAJE?

Chapati_Mbili: Nimesoma mara mbili ili nisikukosee. Hayo magoti yanang'aa kweli au ulitia chumvi?

Mama Wawa: Weka linki.

Mpita Njia wa Mbale: Linki tafadhali.

Boda wa Kalerwe: Msimsumbue, nimeshaipata. Anzeni na ile ya jirani yake na jenereta. Huyu mtu ana roho mbaya jamani, mzee amemwonea huruma.

Mwenye uzi: UMEIPATAJE? Sijaweka jina popote!

Boda wa Kalerwe: Nimeandika Google "mwenyekiti harusi suruali ya kahawia". Imekuja ya kwanza. Hongera ssebo.

Afande Mstaafu: Kijana, chunga ulimi. Kiswahili cha jeshi si cha wezi. Na kitambaa kile cha kahawia ni imara sana, hamna tena madukani. Mimi ninayo pia.

Chapati_Mbili: Afande, geuka tuone.

Binti wa Arua: Wewe una bahati, wako anasoma kwa sauti. Shangazi yangu hasemi kitu. Nikiweka status WhatsApp anaipiga picha, anaitupa kwenye kundi la ukoo, chini yake anaweka nukta tatu. Nukta tatu tu! Chai haijachemka, baba ameshapiga simu kuuliza huyo kijana kwenye picha ni wa nani. Ni wa ofisini! Tuko kumi na mbili kwenye hiyo picha!

Mama Wawa: Ni wa ofisini lakini ni wa nani?

Binti wa Arua: Mama, nawe usianze.

Dereva_Malaba: Nyie mna bando la kusomea blogu? 2018 walitutoza shilingi 200 kila siku kuingia mitandaoni. 2021 wakaiondoa, tukapiga makofi, kumbe wameweka asilimia 12 juu ya bando. Niko kwenye foleni ya malori hapa mpakani tangu alfajiri, nimefungua huu uzi, bando limekata kabla sijafika kwenye suruali. Nimenunua jingine. Kwa hiyo mzee aligeuka?

Mwenye uzi: ALIGEUKA!

Dereva_Malaba: Sawa. Narudi kwenye bando.

Chapati_Mbili: Ile 200 angalau tuliikwepa kwa VPN. Hii unaikwepaje? Unailipa ukinunua tu.

Dereva_Malaba: Na hiyo VPN yenyewe inakula bando. Unalipia kukwepa.

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye mada. Mama mkwe alikuwa pale. Aliona kila kitu.

Mama Wawa: Laki tatu umeshalipa?

Mwenye uzi: Hiyo si mada.

Mama Wawa: Hajalipa huyu. Kesho simu haipatikani, kama alivyoandika mwenyewe.

Mwalimu_Soroti: Mnacheka zoezi la ufahamu. Hicho Kiswahili cha senior two ndicho nafundisha mimi. Kitabu kimoja wanasoma watoto sita, wa pembeni anasoma kwa kukisia. Huyo mpwa wako kajitafutia makala mwenyewe, mwambie mwalimu wake ampe zawadi. 2022 baraza la mawaziri likapitisha Kiswahili kiwe lazima msingi na sekondari, nikasema Mungu ametukumbuka. Mwaka huohuo walimu wa sayansi wenye digrii wakapandishwa hadi milioni 4 kwa mwezi. Sisi wa masomo ya sanaa tuligoma, tukarudi darasani na chaki ileile. Lugha ya Afrika Mashariki nzima, mshahara wa kununulia nyanya tu!

Fizikia_Tu: Mwalimu, usilie. Tuliokesha na hesabu tulistahili.

Mwalimu_Soroti: Njoo ufundishe ngeli kwa watoto themanini baada ya ugali wa mchana, tuone hiyo hesabu itakusaidia nini.

Fizikia_Tu: Ngeli haijengi daraja.

Binti wa Arua: Madaraja ya kwetu mmejenga mangapi nyie wa milioni 4? Mvua ikinyesha tunavuka kwa mabega ya vijana, na vijana wanalipisha.

Dereva_Malaba: Msinikumbushe barabara. Nimebadilisha springi za lori, na zilizoingia ni mtumba.

Afande Mstaafu: Sisi wa pensheni tukisema yetu hapa mtafunga simu.

Mwenye uzi: Huu uzi ni WANGU! Alipandisha koti! Kiunoni! Mbele ya watu walioshika soda!

Boda wa Kalerwe: Tumesikia, tumesikia. Mwalimu, endelea. Hiyo milioni 4, na wenye diploma wamo?