Majengo ya zamani katikati ya jiji: tubomoe, tukarabati, au tuyape kazi nyingine?

Swali

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimeteuliwa pamoja na wakazi wengine wachache kutoa maoni kuhusu mpango wa kuendeleza upya mitaa mitatu iliyo katikati ya jiji letu, ambalo limekua kwa kasi kiasi kwamba ardhi ya eneo hilo sasa ina thamani kubwa kuliko majengo yaliyosimama juu yake. Mengi ni ya ghorofa mbili au tatu, yenye kuta nene za mawe na chokaa, maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Lipo pia ghala moja kubwa lisilotumika, na mbele yake uwanja wa wazi ambao mchana watu huupita haraka na usiku huuogopa.

Mwekezaji anapendekeza kubomoa karibu kila kitu, abakize kuta za mbele zinazotazama barabara, kisha nyuma yake ainue minara ya ofisi na makazi. Uwanja utapata vigae vipya, chemchemi, na maegesho ya magari chini ya ardhi. Wajumbe wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema majengo yamechakaa na hayafai hata kwa bure, na wapo wanaosema yasiguswe kabisa.

Jana nilipanda ngazi za jengo mojawapo. Vidato vya mbao vimelika katikati kwa miguu ya waliopita, lakini nilipovikanyaga havikutikisika. Nilipofika juu nikakuta ukuta umevimba na lipu imebanduka vipande vipande. Sikujua niziamini ngazi au niuamini ukuta. Naomba wenye uzoefu wanisaidie: tutajuaje jengo lipi linafaa kuokolewa? Je, kubakiza ukuta wa mbele ni uhifadhi wa kweli? Na uwanja kama huu hufufuliwaje?

Jibu la kwanza, kutoka kwa mhandisi wa majengo

Ndugu muulizaji, mimi ningeziamini ngazi, kisha ningeuchunguza ukuta bila haraka ya kuuhukumu. Ukuta wa mawe na chokaa unapovimba, mara nyingi haukuchoka wenyewe, bali umefungiwa maji. Chokaa huruhusu unyevu ulioingia ukutani kutoka polepole kupitia uso wake. Fundi akija miaka mingi baadaye akaupiga ukuta huo lipu ya saruji, unyevu hukosa njia, hujikusanya nyuma ya lipu pamoja na chumvi iliyoyeyuka, na mwishowe huisukuma lipu nje na kulimega jiwe. Bandua kipande kimoja uangalie: aghalabu utakuta chokaa imelainika kwa kina cha vidole viwili au vitatu, na ndani zaidi mawe ni mazima. Chanzo chenyewe huwa juu, kwenye mfereji wa paa ulioziba au bati lililotoboka. Nimewahi kukagua jengo lililokwisha kutangazwa kuwa hatari, na ugonjwa wake wote ulianzia kwenye mfereji mmoja uliojaa majani.

Saruji yenye nondo ni habari nyingine. Nondo ikishika kutu hutanuka na kuipasua saruji kutoka ndani, na ikiwa uozo huo umeenea kwenye nguzo na boriti nyingi, gharama ya kutibu inaweza kupita gharama ya kujenga upya. Si kila jengo la zamani linafaa kuokolewa, na anayedai hivyo huwapa nguvu wanaotaka kubomoa yote.

Kipimo kingine ambacho kamati nyingi hukisahau ni umbali kutoka dirishani hadi katikati ya jengo. Mwanga wa kutosha wa mchana huingia takriban mita sita au saba tu, kwa hiyo majengo membamba kama hayo unayoyaeleza hugeuzwa kuwa makazi kwa urahisi kuliko ofisi pana zilizojengwa miongo michache iliyopita. Ghala lenu ndilo litakalosumbua. Likigeuzwa kuwa nyumba bila kukatwa ua katikati, vyumba vya ndani vitakuwa giza, ila kwa kazi inayohitaji ukumbi mkubwa linaweza kufaa sana. Kituo cha umeme cha Bankside jijini London kilizimwa mwaka 1981, na mwaka 2000 kikafunguliwa kuwa jumba la sanaa la Tate Modern, huku ukumbi wa mitambo ukiachwa na urefu wake wote. Stesheni ya Orsay ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1900, ikawa makumbusho mwaka 1986. Cape Town maghala ya nafaka yaliyokuwa na mapipa marefu ya zege yalikatwa kwa ndani na kufunguliwa kama makumbusho ya sanaa mwaka 2017. Katika kila mradi wasanifu walianza kwa kuuliza jengo lenyewe linaweza kubeba nini, kisha ndipo wakachora.

Dai ukaguzi wa mtu asiyelipwa na mwekezaji, na ukaguzi huo ufungue kuta, usiishie kwenye picha za nje. Paa likiwa na asbesto, mtu yeyote asilikate wala kulivunja kabla wataalamu hawajaitwa, kwa sababu vumbi lake huleta saratani. Angalieni pia njia ya pili ya kukimbilia wakati wa moto, kwa kuwa hilo ndilo huyakwamisha majengo mengi yenye ngazi moja.

Jibu la pili, kutoka kwa mtaalamu wa mipango miji

Mhandisi amesema vema, nami nitalijibu swali la ukuta wa mbele. Kubakiza uso na kubomoa mwili hulinda picha ya mtaa na kupoteza mtaa wenyewe. Fanya jaribio dogo: tembea hatua mia moja ukihesabu milango. Katika mtaa wa majengo membamba ya zamani unaweza kuhesabu milango kumi na zaidi, kila mmoja una mtu wake, shughuli yake na saa zake za kufungua. Katika mnara mpya hatua hizo hizo zitakupitisha mbele ya kioo kirefu chenye mlango mmoja na mlinzi. Barabara iliyokuwa ikitazamwa na macho mengi hubaki ikitazamwa na kamera.

Halafu ipo hesabu ya kodi ya pango. Jengo jipya lazima lilipe mkopo wake tangu siku ya kwanza, kwa hiyo kodi yake huwa juu hata kama mmiliki ni mtu mwema. Jengo la zamani lilikwisha kulipa deni lake siku nyingi, na ndiyo maana mtu anayeanza biashara akiwa na mtaji mdogo humudu chumba humo. Ukiyaondoa yote kwa mara moja umewaondoa na hao. Tena kuna hesabu ya mazingira ambayo mwekezaji haiandiki: utengenezaji wa saruji peke yake huchangia takriban asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani, na mawe yaliyokwisha kusimama hayahitaji kuchomwa tena.

Hata hivyo mwenye ardhi naye ana haki, na hapa ndipo wahifadhi wengi hushindwa kwa kuwa hawana la kumpa. New York ilijifunza kwa uchungu. Pennsylvania Station, iliyofunguliwa mwaka 1910, ilianza kubomolewa mwaka 1963, na hasira ya wakazi ilichangia kupatikana kwa sheria ya jiji ya kulinda majengo mwaka 1965. Wamiliki wa stesheni nyingine, Grand Central, walipokataliwa kuinua mnara juu yake, walikwenda mahakamani hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1978 wakashindwa. Hoja mojawapo iliyozingatiwa ni kwamba jiji halikuwanyang'anya kila kitu, kwani ghorofa walizozuiwa kujenga pale wangeweza kuzihamishia kwenye viwanja vya jirani. Ulizeni kama sheria zenu zinaruhusu haki ya kujenga kuhamishwa namna hiyo. Ikiwa mwekezaji ataweza kuirefusha minara yake mahali pengine penye barabara pana, au kuiuza haki hiyo kwa mwingine, mazungumzo hubadilika kabisa, maana hapo hamumwambii apoteze, bali mnamwambia ahame.

Jibu la tatu, kutoka kwa aliyekuwa mpangaji

Naomba niseme kwa upande wa waliokuwamo ndani. Nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika jengo la aina hiyo, nikirekebisha saa. Tuliambiwa tutoke kwa muda ili jengo likarabatiwe, na kwamba tutarudi. Ahadi ilitolewa kwa mdomo kwenye mkutano na sote tukapiga makofi. Jengo lilikarabatiwa vizuri sana, hilo silikatai, hata dirisha langu lilirudishiwa mbao zake. Lakini kodi mpya ilizidi mapato yangu ya mwezi mzima, na wateja niliowapata kwa miaka mingi hawakujua nilikohamia.

Kwa hiyo ndugu yangu, mkifika mezani dai maandishi: nani anarudi, kwa kodi gani, kwa muda gani, na atafanyia kazi wapi wakati wa ujenzi. Ujenzi ufanywe kwa awamu, upande mmoja ukiwa wazi huku mwingine unakarabatiwa, ili wateja wasipoteze njia. Kama mngetuuliza sisi wapangaji mapema tungewaambia hata choo kipi huvuja.

Jibu la nne, kutoka kwa msanifu wa maeneo ya wazi

Kuhusu uwanja, ningeanza kwa kuahirisha chemchemi. Uwanja unaoogopwa usiku mara nyingi haukosi mapambo, hukosa sababu ya mtu kukaa. Bryant Park ya New York iliwahi kuwa makao ya wauza dawa za kulevya. Ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara na kuzungukwa na uzio na vichaka virefu, kwa hiyo mpita njia hakuona ndani na aliye ndani hakuonekana. Ilifungwa mwaka 1988, na ilipofunguliwa tena mwaka 1992 vichaka vilikuwa vimeondolewa, njia za kuingilia zimepanuliwa, na viti vyepesi visivyofungwa vimewekwa. Kiti kinachohamishika ni kitu kidogo chenye nguvu kubwa. Mtazame mtu anapofika: hukisogeza kiti chake hatua moja tu, kivulini au karibu na rafiki, kisha ndipo hukaa, na tangu hapo mahali pale ni pake.

Kingo za uwanja zina uzito kuliko katikati yake. Ghala lenu likifunguliwa milango upande wa uwanja na kukawa na watu humo hadi usiku, mtakuwa mmefanya nusu ya kazi. Maegesho ya chini nayapinga, kwa sababu njia za magari kushuka na kupanda zitakata ukingo ule ule mnaouhitaji, na juu ya dari ya zege miti mikubwa ya kivuli hukosa udongo wa kutosha.

Aliyosema ndugu mrekebisha saa ni kweli pia kwa wachuuzi. Seoul iliondoa barabara ya juu na kuufunua mto Cheonggyecheon, kazi iliyoanza mwaka 2003 na kukamilika 2005, takriban kilomita sita za maji katikati ya jiji. Ni mradi ninaouheshimu. Lakini wachuuzi waliohamishwa kutoka kando yake walipelekwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun, na miaka michache baadaye uwanja huo nao ukabomolewa. Hesabuni wachuuzi wenu sasa, kabla ya mtu yeyote kuchora vigae.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Jumamosi nitakaa uwanjani tangu alfajiri hadi usiku na daftari, niandike nani anapita, nani anakaa, na kwa nini. Wapangaji nitawaomba wachague wawili waingie kwenye kamati, na suala la kuhamisha haki ya kujenga nitalipeleka kwa mwanasheria. Mhandisi, nina moja tu: mkaguzi akija, lipu aibandue wapi kwanza?

Mhandisi

Aanzie chini ya kiungo cha mfereji wa paa, hasa pembeni ambako maji hushuka, kisha aje kimo cha goti, mahali ambapo unyevu hupanda kutoka ardhini. Sehemu ya tatu iwe katikati ya ukuta unaoonekana mzima, ili mwe na cha kulinganishia. Mwombe apige picha kila tundu, na kabla hajaondoka alizibe kwa chokaa, si kwa saruji.