Kifundo cha mguu kimechakaa: niwekewe bandia au niunganishwe mifupa?

Bi Mkubwa wa Leicester:
Assalaam alaykum ndugu zangu. Nina miaka 61. Ujanani nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia nikishuka daladala Tanga, kikaunga vibaya. Sasa gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa. Asubuhi nashuka ngazi kinyumenyume, mkono ukutani. Sindano zilinituliza kwa muda tu. Daktari kasema nichague: kifundo bandia, au mifupa iunganishwe kwa skrubu, pasikunjike tena. Hofu yangu kubwa ni sala. Nitaweza kukaa tahiyatu? Waliopitia nijuzeni.

Baba Salma:
Wa alaykum salaam dada. Mimi niliunganishwa. Maumivu ya kunikesha yamekwisha, alhamdulillahi. Kwenye tambarare hujui kama nina kasoro. Kilimani ndipo panaponishinda. Sala nasali kwenye kiti. Nilionywa mapema kwamba viungo vya jirani vitabeba kazi ya kile kilichofungwa, navyo vinaweza kuchakaa.

Nesi wa Mifupa:
Shikamoo Bi Mkubwa. Nauguza wagonjwa wa mifupa hukuhuku Uingereza. Utafiti uitwao TARVA wa hospitali za NHS, yaani za umma hapa Uingereza, uliotoka 2022, uligawa kwa kura wagonjwa 303 wa miaka 50 hadi 85: wengine wawekewe bandia, wengine waunganishwe. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa ya kutembea na kusimama, na tofauti kati yao haikutosha kusema upasuaji huu umeushinda ule. Kilichotofautiana ni matatizo. Vidonda vilisumbua kupona kwa asilimia 13.4 ya waliowekewa bandia, dhidi ya 5.7 ya waliounganishwa. Kwa hao waliounganishwa, asilimia 12.1 mifupa ilikuwa haijaunga kwenye picha, ingawa si wote waliosikia maumivu.

Kidonda cha mbele ya kifundo ndicho ninachokichungulia kila nikibadilisha bandeji. Ngozi pale ni nyembamba, chini yake hakuna nyama. Ikifunguka, vijidudu vinakifikia chuma upesi. Kwa mwenye sukari au mvuta sigara, hilo ni jambo zito.

Kuhusu tahiyatu nitakuambia kweli, mama. Kifundo bandia hakirudishi mkunjo wa ujanani. Mara nyingi unabaki na mkunjo unaokaribiana na ulio nao leo, labda uongezeke kidogo. Na kikilegea miaka ya mbele, utarudi kupasuliwa, na mfupa utakuwa umepungua.

Bi Mkubwa wa Leicester:
Marahaba mwanangu. Tahiyatu sikai tangu Ramadhani iliyopita, na sukari ninayo. Kumbe hilo la sukari ndilo la kumuuliza kwanza.

Nesi wa Mifupa:
Ndiyo mama, muulize anataka sukari yako ishuke hadi ngapi kabla ya kukupasua. Muulize pia anaweka vifundo bandia vingapi kwa mwaka. Akikujibu vichache, omba akupeleke kwa anayeviweka mara kwa mara, wala usione haya.