Monita gani nichukue badala ya hii iliyokufa? RTX 3070 na PS5, Raskazone

Pwani_Gemu
Habari za jioni wakuu. Monita yangu ya inchi 27 (2560×1440, kioo cha LCD aina ya IPS, Hz 165, yaani picha hubadilika mara 165 kwa sekunde) imetoa mistari miwili ya wima upande wa kulia tangu umeme ukatike na kurudi wiki iliyopita. Nimeunganisha kompyuta yenye kadi ya picha RTX 3070 na PS5. Usiku ni mpira na gemu za kufyatuliana, mchana nashinda kwenye Excel kwa muda wa saa sita hadi saba. Chumba kiko Raskazone, Tanga, dirisha kubwa linatazama bahari, na mwanga ni mkali mpaka alasiri. Bajeti milioni 2.5, mzigo utatoka Dar. Moyo unanituma OLED (kioo ambacho kila pikseli inawaka yenyewe) ya 4K inchi 32. Niende nayo, au kuna kitu sikioni? Natanguliza shukrani.

FundiVioo_Ngamiani
Mkuu, kabla hujatoa hela hakikisha ni kioo kweli. Bonyeza kitufe cha monita yenyewe ufungue menyu yake. Mistari ikipita juu ya menyu, tatizo ni la kioo. Menyu ikiwa safi na mistari iko nyuma yake tu, badilisha kebo, kisha jaribu tundu jingine la kadi. Halafu minya taratibu ukingo wa chini, pale mistari ilipo. Ikicheza au ikipotea kwa muda, ule utepe mwembamba unaopeleka ishara kwenye kioo umeachia. Huo haushikiki kwa chuma cha kuchomelea, unahitaji mashine maalumu, na bei ya kioo kipya inakaribia ya monita nzima. Hapo ndipo useme nanunua.

Kadi_na_Kebo
Nianze na kadi, maana ndiyo itakayoamua. 4K ni pikseli milioni 8.3 kwa kila fremu. 1440p, kama hiyo yako, ni milioni 3.7. Unaiongezea 3070 mzigo mara mbili na robo, na kumbukumbu yake ni GB 8 tu. Gemu nzito zikijaza hizo GB 8, wastani wa fremu unaweza kuonekana mzuri huku picha inakwamakwama, na DLSS (kadi kuchora picha ndogo kisha kuikuza) inapunguza hali hiyo bila kuimaliza. Kama huna mpango wa kubadilisha kadi mwaka huu, baki 1440p inchi 27. Huko kadi yako inapumua.

PS5 haina shida na hilo, inatoa 1440p tangu Septemba 2022, na mwisho wake ni Hz 120. Kwa hiyo ukichukua monita ya Hz 240, hizo utazila kwenye kompyuta peke yake. Ila angalia sana jambo moja: VRR ya PS5 (skrini kufuata kasi ya fremu za gemu) inafanya kazi kwa njia ya HDMI 2.1 tu. Monita iliyoandikwa FreeSync (VRR ya AMD) ikiwa na HDMI 2.0, PS5 haitaiona VRR yake. Na usiridhike na maandishi ya "2.1" kwenye boksi, kwa sababu kanuni zinaruhusu tundu lenye kasi ya 2.0 kuitwa 2.1. Fungua kijitabu cha monita mtandaoni, tafuta kasi ya HDMI kwa Gbps na neno VRR. Ukikuta Gbps 18, hiyo ni 2.0 iliyovalishwa jina.

Mwanga_na_Kivuli
Mimi napenda OLED kuliko aina nyingine yoyote. Weusi wake ni weusi kweli na pikseli inabadilika kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Kwa chumba hiki na kazi hii, siishauri.

Excel kwa muda wa saa saba ni mistari ileile na upau uleule wa chini, kila siku. Hivyo ndivyo alama za kudumu zinavyojichora kwenye OLED. Monita hizi zina usafishaji wa pikseli: baada ya takriban saa nne za matumizi, ukiizima kwa kitufe inabaki kwenye umeme dakika kadhaa ikijirekebisha. Sisi tumezoea kuzima swichi ya ukutani, na umeme nao unajikatia wenyewe. Usafishaji usipokamilika siku baada ya siku, kioo kinazeeka vibaya.

Pili ni lile dirisha. QD-OLED nyingi hazina kichujio cha polaroidi, hivyo mwanga wa chumbani unageuza weusi kuwa kijivu cha zambarau. Na ukurasa mweupe ukijaa kioo kizima, nyingi zinaishia karibu niti 250 (kipimo cha mwangaza wa kioo). Kwa adhuhuri ya Raskazone hiyo ni hafifu.

Chukua IPS ya mini-LED (taa ndogondogo nyingi nyuma ya kioo), 1440p, Hz 180 au zaidi, yenye kanda za mwanga, yaani mafungu ya taa yanayofifia kila moja peke yake, kuanzia 500 hivi. Monita ya "HDR400" isiyo na kanda ina HDR (weupe mkali na weusi mzito kwa pamoja) kwa jina tu. Mini-LED za VA, aina nyingine ya kioo cha LCD, zina utofauti mzuri wa weusi, lakini nyingi zinaburuta kivuli cheusi picha ikikimbia, na kwenye gemu za kufyatuliana utakiona. Mchana zima kanda hizo, la sivyo kishale cha mausi kitatembea na ukungu mweupe pembeni.

Pwani_Gemu
Menyu nimeifungua, mistari imepita juu yake. Basi kioo kimekwenda. Mini-LED nimeielewa. Hii mpya nitaikingaje na umeme?

FundiVioo_Ngamiani
Anza na waya wa ardhi. Ekstensheni nyingi za bei chee zina pini tatu kwa nje, ndani waya wa ardhi haupo. Kinga ya mshtuko wa umeme isiyo na ardhi haina pa kuutupia. Mwite fundi umeme apime soketi ya ukutani kwanza.

Kisha weka kifaa cha kuchelewesha umeme, kama kile cha friji, kinachosubiri dakika chache umeme utulie. UPS (betri ya akiba) ya VA 650, hapa VA ni kipimo cha uwezo wake, inabeba takriban wati 360. Monita peke yake kwa kawaida haifiki wati 100, lakini 3070 inakula 220 kabla hujahesabu prosesa. Ukitaka kompyuta na monita vyote viwe juu yake, anza VA 1200. PS5 iache nje ya UPS.

Kadi_na_Kebo
Ikifika, fungua boksi mbele ya aliyekuletea. Boksi lisafiri limesimama, na lisilazwe chini ya magunia. Washa, weka picha nyeupe tupu, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, tafuta pikseli zilizokufa na nyufa pembeni.

Kebo ichomeke kwenye kadi, siyo kwenye ubao mama. Windows mara nyingi inaanzia Hz 60, kwa hiyo ingia mpangilio wa skrini wa hali ya juu uipandishe. Kasi ya pikseli kwenye menyu ya monita iweke kati. Ukiipeleka juu kabisa, vitu vinavyokimbia vinapata mkia mweupe. PS5 iunganishe kwa kebo yake ya HDMI iliyokuja nayo, na kompyuta iende kwa DisplayPort.